Sanduku la Matufe ya Kioo

Siku kuu ya Noeli ina wapenzi wengi, bali siku ya kufungasha mapambo yake haina hata mmoja. Watoto waliogombea kushika ngazi siku ya kuyatundika hawaonekani siku ya kuyashusha. Mmoja ametumwa sokoni, mwingine anaumwa na tumbo, na wa tatu amekumbuka ghafula kwamba ana hesabu za kufanya. Pango lililosifiwa na kila aliyeingia kanisani sasa ni nyasi kavu za kufagiwa tu. Walakini mapambo yakiwa ya kioo, siku hiyo isiyopendwa ndiyo inayoamua kama yatakuwapo mwaka ujao au hayatakuwapo. Habari ya nyumba moja ya Ujiji, karibu na Ziwa Tanganyika, yaonyesha jinsi ilivyo.

Katika nyumba hiyo alikaa bibi mmoja, mjane, pamoja na mjukuu wake wa kike aliyekuwa akisoma darasa la sita. Babu alikuwa amefariki. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtia mafuta katika chumba cha mitambo cha meli iitwayo Liemba, ambayo bandari yake ni Kigoma. Alikuwa mtu wa maneno machache na wa vitambaa vingi. Hata nyumbani hakuweza kupita karibu na bawaba ya mlango asiipake mafuta. Alipokufa aliacha baiskeli, koti la kazi, na sanduku la mbao lenye matufe ya kioo ya kupambia mti wa Noeli.

Matufe hayo alipewa na sista mmoja wa misheni, siku sista huyo alipokuwa akirudi kwao Ujerumani. Yalikuwa kumi na mawili: mekundu, ya kijani, ya rangi ya dhahabu, na moja la buluu, ambalo Babu alisema lina rangi ya ziwa saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaanza. Kila mwezi wa Desemba yalitundikwa katika tawi la mvinje lililosimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga. Kila Januari Babu aliyafungasha kwa mkono wake mwenyewe, na kabla ya kufunga sanduku aliandika kwa kalamu ya risasi, upande wa ndani wa kifuniko, hesabu ya matufe yaliyosalia. Aliyefunua kifuniko hicho aliweza kusoma: 12, 12, 10, 10, 10, 9, 8, 8, 7. Historia ya nyumba ilikuwamo katika tarakimu hizo. Kumi na mawili yalikuwa kumi kwa sababu ya jogoo aliyeruka akidhani tawi la mvinje ni mti wa kulalia. Kumi yakawa tisa kwa sababu ya mtoto aliyetaka kujua ndani mna nini. Tufe la tisa liliponyoka mkononi mwa Babu mwenyewe alipopiga chafya. La nane lilivunjika ndani ya sanduku, maana mtu alitua pasi ya mkaa juu yake. Na mtu huyo ni nani, Bibi hakupenda kuulizwa.

Kioo si mgeni katika mji wa Ujiji. Zamani za misafara, kabla ya reli, wapagazi walichukua ushanga wa kioo mabegani kutoka pwani ya bahari mpaka ziwani, safari ya miezi mingi. Katika soko la Ujiji ushanga wa namna moja, ulioitwa sofi, ulitumika kama fedha. Umbo lake lilifanana na vipande vifupi vya shina la kiko. Mtu aliyetaka samaki au mawese alilipa kwa kuhesabu ushanga, kama vile leo anavyolipa kwa kuhesabu shilingi. Ushanga huo ulifungwa katika mifuko, ukatuliwa chini kila jioni na kuinuliwa kila alfajiri, nao ukafika. Uliweza kuvumilia kwa kuwa ushanga ni kioo kilichoshikana, hakina uwazi ndani ila tundu la kupitishia uzi.

Tufe la Noeli ni kioo vile vile, lakini ni kioo kilichojazwa pumzi. Kazi hii ilipata sifa katika mji mdogo wa Lauscha, nchi ya Ujerumani, ambako mafundi walianza kupuliza matufe ya namna hiyo yapata katikati ya karne ya 19. Fundi hushika mwanzi wa kioo juu ya mwali wa moto mpaka ulainike. Kisha hupuliza, na kioo huvimba kama povu la sabuni. Likiisha kupoa, humimina ndani yake dawa ya maji yenye madini ya fedha, akalitikisa. Ile fedha hujishika katika ukuta wa ndani, na papo hapo tufe hung'aa kama kioo cha kujitazamia. Rangi hupakwa kwa nje. Mwisho hukata shingo yake na kulivika kofia ndogo ya bati jembamba, ambayo ndiyo huchukua waya wa kutundikia.

Basi mwenye tufe moja ana vitu vitatu katika kimoja: ukuta mwembamba sana wa kioo, ngozi ya fedha kwa ndani, na rangi kwa nje. Ukuta huogopa kugongwa na kubanwa. Fedha na rangi huogopa unyevu. Watu wengi humwangalia adui wa kwanza peke yake, kwa sababu huyo hufanya kelele.

Mwezi wa Januari baada ya kifo cha Babu, Bibi hakutaka hata kuligusa sanduku. Mjukuu akaomba kazi hiyo aifanye yeye, akakubaliwa. Akayashusha matufe saba moja moja, akayapanga juu ya mkeka. Hapo akaona kwamba moshi wa mishumaa umeyatia weusi, akaona aibu kuyaweka vile. Akateka maji katika beseni, akatia sabuni, akayaosha kwa vidole vyake kama mama aoshavyo mtoto mchanga, akayafuta kwa kanga. Hakuvunja hata moja. Kisha akalitazama lile sanduku. Pembe yake moja ilikuwa imetobolewa na panya, na mbao zake zilinuka uzee. Nyumbani palikuwa na ndoo mpya ya plastiki yenye kifuniko cha kubana sana. Akavingirisha kila tufe katika gazeti, akayapanga ndani ya ndoo, akagandamiza kifuniko mpaka kikalia, akaipandisha ndoo juu ya boriti chini ya mabati, mahali pasipofikiwa na kuku wala mbuzi wala mtoto. Akashuka na furaha nyingi. Hakuandika hesabu, kwa kuwa kalamu ya risasi haikukubali kuandika juu ya plastiki.

Msomaji atakayetaka kumlaumu mtoto huyu, na aseme kwanza ni wapi alipokosa. Alijitolea kufanya kazi ambayo wengine huikimbia. Alikuwa msafi. Alikuwa mwangalifu. Alichagua chombo kisichotobolewa na panya na mahali palipo mbali na miguu ya watu. Ni mwalimu gani ambaye asingempa alama nzuri?

Lakini maji yale ya kuoshea hayakwisha kwa kufutwa na kanga. Matone machache yalikuwa yamepenya chini ya kofia za bati, yakashuka ndani ya matufe, ambamo kitambaa hakiwezi kufika. Tena Januari ni katikati ya masika katika nchi ya Kigoma. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hata Aprili au Mei, na hewa yenyewe ina maji. Gazeti nalo lilikuwa limelala wiki nyingi katika hewa hiyo. Vyote hivyo vikafungiwa pamoja ndani ya ndoo. Mchana jua lilipochoma mabati, unyevu uligeuka mvuke ndani ya ndoo. Usiku mabati yalipopoa, mvuke ule ukarudi kuwa matone, kama unavyojishika chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Asubuhi jua likaanza tena. Mambo hayo yakaendelea siku baada ya siku kwa muda wa miezi kumi na mmoja. Maji ya nje hayakuweza kuingia. Lakini yaliyokuwamo ndani hayakuweza kutoka.

Wiki moja kabla ya Noeli mjukuu akapanda kuchukua ndoo yake. Alipofungua kifuniko, harufu ya kuvu ikampiga usoni. Magazeti yalikuwa yamegandamana na kioo. Alipobandua la kwanza, rangi ikatoka pamoja na karatasi. Juu ya tufe la dhahabu palionekana maneno ya tangazo la mnada, yamegeuka nyuma mbele, kana kwamba mtu ameyasoma katika maji. Nyaya za kutundikia, ambazo hakuziondoa, zilikuwa zimeota kutu na kuteremsha michirizi ya rangi ya kahawia. Matatu tu, yaliyokuwa juu kabisa, yalikuwa yamepona. Matatu yalikuwa na mabaka meusi, maana fedha ya ndani ilikuwa imebambuka. Nalo lile la buluu lilikuwa limevuliwa kila kitu, rangi na fedha pia, likabaki kioo kitupu, jeupe kama maji ya kunywa. Hakuna hata moja lililovunjika, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Siku mbili hakusema neno. Siku ya tatu akachukua fedha kidogo alizopata kwa kusaidia kuanika dagaa huko Kibirizi, akaenda Kigoma mjini. Katika duka moja yalining'inizwa matufe ya plastiki, na mojawapo lilikuwa la buluu. Akaliomba alitazame. Lilikuwa jepesi, mwenye duka akaliangusha sakafuni makusudi, likaruka, likatulia, halina hata mkwaruzo. Kwa mbali, usiku, kwa mwanga wa mshumaa, nani angejua? Bibi macho yake hayakuwa mazuri tena. Mtoto akalishika kwa muda mrefu mpaka mwenye duka akauliza kama amekuja kununua au kusalimia. Kisha akalirudisha. Hakufikiri maneno makubwa. Alifikiri tu ile tarakimu 7 iliyoandikwa kwa mkono wa Babu, na kwamba mwaka huu angepaswa kuandika hesabu chini yake, wala hakujua aandike nini kama akilinunua.

Jioni akamkuta Bibi akichambua mchele uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umechelewa?"

"Bibi, nimeharibu matufe ya Babu."

Bibi akaweka ungo chini. "Yamevunjika?"

"Hayakuvunjika."

"Basi yalete tuyaone."

Akayaleta katika ungo. Bibi akayashika moja moja karibu na macho yake, akayageuza. Alipofika kwenye lile la buluu alikaa nalo kitambo. Mwisho akauliza, "Uliyaosha?"

"Ndiyo, Bibi. Kwa sabuni."

Hapo Bibi akacheka, na katika kucheka machozi yakamtoka, asijue ni ya kicheko au ya jambo jingine. "Babu yako angekufukuza katika chumba chake cha mitambo siku hiyo hiyo," akasema. "Kaa chini. Husimuliwi tena habari ya meli tangu alipokufa?"

Habari ya meli ile kila mtoto wa Kigoma ameisikia, walakini si kila mmoja amesikia sehemu aliyoipenda Babu. Meli ilijengwa Ujerumani, katika mji wa Papenburg, mwaka 1913. Ilipokwisha kujengwa ilivunjwavunjwa tena, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo ilichukuliwa kwa reli mpya iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa upya kando ya ziwa, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Goetzen. Watu wengi husimama hapo, wakistaajabia makasha 5,000. Na kweli ni ajabu, kwa maana mtu aliyepata kuhama nyumba ya vyumba viwili anajua ni vitu vingapi hupotea njiani.

Lakini Babu alipenda mwaka wa 1916. Katika mwezi wa Julai mwaka huo, vita vilipowageukia, Wajerumani waliamua kuondoka Kigoma, nao hawakutaka meli iangukie mikononi mwa adui. Wakaizamisha wenyewe, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Hata hivyo mafundi wake, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake mafuta mazito, kwa kuwa walitumaini kwamba siku moja itainuliwa. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 ikaonekana kwamba mitambo bado yafaa. Ikatengenezwa, ikapewa jina la Liemba, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena. Na mitambo ile ya mvuke ikaendelea kuiendesha kwa miaka mingi.

"Babu yako alikuwa akisema," Bibi akaendelea, "kwamba wale mafundi walikuwa na haraka, na huzuni, na adui nyuma yao, na bado walipata saa ya kupaka mafuta. Akasema hawakujiuliza kitu hiki ni kizuri namna gani. Walijiuliza, nani atakila? Chuma huliwa na maji. Basi wakakizuilia maji. Nawe ulijiuliza nini?"

"Nilijiuliza nani atayavunja."

"Kuku hakuyafikia. Lakini maji uliyaingiza wewe."

Swali hilo la nani atakila lina majibu mengi kuliko mtu adhanivyo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1871 Daktari Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, amechoka na mgonjwa, akitumaini kukuta bidhaa zake alizoletewa na kuwekewa akiba. Akakuta zimekwisha kuuzwa na mtu yule yule aliyekabidhiwa kuzitunza. Mahali pale pa akiba panya hawakuwa na kosa, wala mchwa, wala mvua.

Kesho yake Bibi na mjukuu wakaenda kwa jirani yao, mama mmoja Mwislamu, mwenye vikombe vya kauri alivyoachiwa na mama yake. Vikombe hivyo hutoka siku za Idi na Maulidi tu, na katika miaka arobaini kilikuwa kimevunjika kimoja. Mama huyo akawaonyesha kapu lake. Chini kabisa liliwekwa birika, kwa kuwa ndilo zito. Juu yake kila kikombe kilikuwa na kiota chake peke yake ndani ya pumba za mpunga zilizopepetwa na kuanikwa, wala hakuna kikombe kilichogusa kikombe. Mjukuu akataka kuomba pumba, lakini yule mama akakataa. "Pumba ni za kauri," akasema. "Zitakwaruza rangi yenu. Nyinyi mnataka sufi." Akafumua pindo la mto wa zamani, akawapa sufi mafungu mawili.

Sufi, yaani pamba ya mti wa msufi, ni kitu cha kusifiwa kuliko inavyosifiwa. Ni laini, ni nyepesi, tena hailoani upesi. Ndiyo maana zamani makoti ya kuokolea watu majini yalijazwa sufi, na Babu mwenyewe alikuwa ameyaona melini. Ina mabaya mawili. Mbegu zake zina mafuta, na panya huzipenda, basi hapana budi kuzitoa zote. La pili, hushika moto kwa kasi ya kutisha. Haifai kuchambuliwa karibu na jiko wala taa.

Noeli ya mwaka ule matufe yote saba yalitundikwa. Yale yenye mabaka yaligeuzwa upande mzuri mbele. Lile lililokuwa la buluu Bibi alilitaka liwe karibu na mshumaa, na watoto wa jirani waligombea kulitazama, maana mwali ulionekana ndani yake umepinduka kichwa chini.

Ikaja Januari. Siku kuu ya Tokeo la Bwana ilipopita, mjukuu akataka kuanza kazi mara moja, lakini mvua ilikuwa ikinyesha, na Bibi akamwambia angoje. Wakangoja siku nne. Siku ya tano jua likatoka, upepo ukavuma kutoka ziwani mchana kutwa, nguo zilizoanikwa zikakauka kabisa. Ndipo Bibi akasema, "Sasa."

Sanduku la Babu lilikuwa limeanikwa juani, na tundu la panya limezibwa kwa kipande cha kopo kilichopigiwa misumari. Mjukuu akanawa mikono na kuikausha vema, kwa sababu walikuwa wamekula samaki kwa mawese, na mafuta ya vidoleni hula rangi polepole. Hakuna maji yaliyokaribia matufe. Vumbi alilipangusa kwa unyoya wa kuku, na masizi ya mishumaa aliyafuta kidogo kidogo kwa kitambaa kikavu. Pale yalipokataa kutoka, aliyaacha. Kila tufe alilishika kwa kiganja chote chini yake, si kwa kofia yake, maana kofia hukwama kwa vijiwaya viwili tu, na mara nyingi mtu hubaki ameshika kofia na tufe liko sakafuni. Nyaya akazichomoa zote, akazitia katika kibweta cha kiberiti, kwa sababu waya ulioachwa hukwaruza jirani yake na kumwambukiza kutu. Akakumbuka alivyofundishwa shuleni kwamba chumvi huvuta unyevu, akauliza kama haifai kutia chumvi kidogo ya Uvinza sandukuni. Bibi akamwuliza chumvi ikiisha kuyavuta maji huyapeleka wapi. Mtoto akafikiri, akaiona chumvi iliyolowa imelala pamoja na kofia za bati, asiulize tena.

Vyumba alivitengeneza kwa makaratasi magumu ya kasha la duka: akayakata mapande marefu, kila pande akalipasua nusu ya upana wake, akayapachika moja juu ya jingine yakafanya miraba. Kila tufe likavikwa karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu, likatiwa katika mraba wake juu ya kitanda cha sufi, na sufi nyingine juu yake, imeshindiliwa kiasi cha kulizuia lisicheze, si kiasi cha kulibana. Alipolitikisa sanduku kidogo karibu na sikio hakusikia kitu.

Mahali pa kuliweka walibishana. Chini hapakufaa, kwa ajili ya mchwa. Jikoni hapakufaa, kwa ajili ya joto na moshi. Juu ya boriti mjukuu mwenyewe hakutaka hata kupataja. Wakachagua juu ya kabati katika chumba cha ndani, kipenyo cha vidole vinne kutoka ukutani ili hewa ipite. Na Bibi akamwagiza kwamba mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi, hewa ikiwa kavu, lifunguliwe kwa mchana mmoja kivulini na kuangaliwa. "Si kwa kuwa tunalitilia shaka," akasema, "ila Babu yako hakuiacha mitambo mwaka mzima bila kuitazama."

Kabla ya kufunga, mjukuu akachukua kalamu ya risasi, akafunua kifuniko. Chini ya tarakimu ya mwisho ya Babu aliacha nafasi ya mwaka ule wa ndoo, akaishika kalamu, asiandike.

"Niandike ngapi, Bibi? Mazima ni matatu."

"Sikukuuliza mazima," Bibi akajibu. "Hesabu."

Akahesabu kwa kidole juu ya miraba, polepole, akaandika 7. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika tena juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na matone ya kwanza yakagonga mabati. Bibi akamhimiza apandishe sanduku kabatini upesi, wakaanue dagaa.